Jinsi ya kulinganisha singo molti zilizomaliziwa kwenye mapipa ya ramu: mwongozo kutoka kaunta ya Tanga

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikiwa nyuma ya kaunta hapa Raskazone ni hili: "Kaka, hii ya pipa la ramu ina nini cha zaidi?" Muulizaji huwa ameshika chupa mbili za wiski, moja bei yake imechangamka kuliko nyenzake, na anataka jibu la haraka. Jibu la haraka ni kwamba inanukia tamu zaidi. Ni kweli, ila halimfikishi mbali, maana utamu wa wiski una milango mingi: huenda umetoka kwenye mbao zenyewe, kwenye umri, kwenye maji yaliyoongezwa, hata kwenye joto la mchana wa Februari. Anayetaka kujua ramu, yaani pombe ya miwa, imeleta nini aiweke wiski hiyo kando ya ndugu yake ambaye hajapita kwenye ramu, asawazishe kila kinachoweza kusawazishwa, ndipo anuse.

Nitaeleza namna ninavyofanya kazi hiyo nyumbani kwangu, hatua kwa hatua. Ninawaandikia watu wazima, wa miaka 18 na kuendelea, ambao tayari wanakunywa. Tanga ni mji wa misikiti na madrasa, majirani wengi hawanywi, na heshima yao inatangulia. Mambo haya hufanywa ndani, kimya, na mwezi wa Ramadhani mimi huyaweka kando kabisa.

Kwanza, ujue pipa limetoka wapi

Singo molti ni wiski iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja. Kimea ni kilekile anachokijua yeyote aliyewahi kuona pombe ya kienyeji ikiandaliwa: nafaka imelowekwa, ikachipua, ikakaushwa. Sheria ya Uskoti inataka pombe hiyo ikae kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, hukohuko Uskoti. Ikitiwa chupani iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40, na isiongezwe kitu ila maji na rangi ya karameli. Hiyo rangi ikumbuke, nitairudia.

Sasa pipa lenyewe. Sheria ya Marekani inataka bourbon, yaani wiski ya kwao, ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani kwa moto. Pipa likishatumika mara moja haliwafai tena kwa bourbon, kwa hiyo wanaliuza. Mengi huenda moja kwa moja Uskoti kutunzia wiski. Mengine hupelekwa Karibiani, yakajazwa ramu, yakakaa nayo, ndipo yakavuka bahari tena. Maana yake ni kwamba pipa la ramu mara nyingi ni pipa la bourbon lililopitia mikono ya pili, na wiski ya kawaida ya kando yake nayo imelala kwenye pipa la bourbon. Mbao ni za aina moja. Kilichotofautiana ni kilichozamia ndani ya mbao hizo.

Wiski haizaliwi humo. Inakaa miaka yake kwenye mapipa ya kawaida, kisha mwishoni inahamishiwa kwenye pipa la ramu kwa muda mfupi. Mtu anayetajwa zaidi kwa utaratibu huu wa kuhamisha ni David Stewart, aliyejiunga na kampuni ya wiski ya William Grant & Sons mwaka 1962 na mwaka 1993 akatoa Balvenie DoubleWood, ambayo inamaliziwa kwenye mapipa ya sheri, yaani mvinyo mkali wa Hispania. Kwa Balvenie Caribbean Cask, mapipa ya mwaloni wa Marekani yalijazwa kwanza mchanganyiko wa ramu za Karibiani aliouchagua yeye mwenyewe, yakamwagwa, ndipo wiski ya miaka 14 ikaingizwa. Glenfiddich ya miaka 21 hukaa kwenye mapipa ya ramu takribani miezi 4 tu. Hiyo zamani iliitwa Havana Reserve kwa sababu ramu ilikuwa ya Kuba, na kwa vikwazo vya Marekani dhidi ya Kuba haikuweza kuuzwa Marekani.

Miezi 4 baada ya miaka 21! Anayepika mchuzi wa nazi ataelewa mara moja. Samaki anaivia kwenye tui jepesi, na tui zito linaingia mwishoni, linakaa jikoni dakika chache tu. Ukionja unalitambua tui zito, lakini aliyemwivisha samaki ni lile jepesi. Ramu ni tui zito. Usiidai kazi isiyo yake.

Nazi si ushahidi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na ndiyo sababu ya mimi kuandika. Mtu ananusa chupa ya pipa la ramu, anapata vanila na nazi, anasema: "Naam, Karibiani hiyo." Siyo. Mwaloni ukichomwa, lignini ya mbao huvunjika na kutoa vanilini, ileile inayonukia kwenye vanila ya keki. Mwaloni wa Marekani una laktoni nyingi, na laktoni hizo hunukia nazi. Mwaloni una pia eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Vanila, nazi na karafuu utazikuta kwenye wiski iliyolala kwenye pipa la bourbon isiyowahi kukutana na tone la ramu.

Harufu zinazoelekeza kwenye ramu ni nyingine. Ipo ya molasi, yale masalia meusi mazito ya kutengeneza sukari ya miwa, na ya sukari iliyoungua, ile nzito yenye uchungu kwa mbali. Ipo ya ndizi iliyoiva hadi ganda likaanza madoa meusi, na ya nanasi lililokaa siku moja zaidi ya lilivyotakiwa. Ndizi na nanasi hutokana na esta, yaani kemikali za harufu zinazozaliwa kinywaji kinapochacha, na ramu nyingine zina esta nyingi mno, hasa za Jamaika. Lakini ndizi nayo ina mtego wake: esta hutokea pia kwenye uchachu wa shayiri, kwa hiyo wiski changa huweza kunukia ndizi bila ramu yoyote. Ndizi peke yake ni shahidi dhaifu. Ndizi ikija pamoja na molasi, na ndugu yake wa kando akawa hana kati ya hizo, hapo una kesi.

Jambo jingine: hamna sukari humo. Pombe iliyokenekwa haibebi sukari, na wala Waskoti hawaruhusiwi kuongeza. Unachokiita utamu ni harufu inayoukumbusha ulimi sukari.

Kuchagua jozi

Usinunue chupa tatu za ramu ukazilinganisha zenyewe kwa zenyewe kabla hujawa na msingi. Nunua jozi: kiwanda kimoja, kilevi kilekile au kinachokaribiana, tofauti iwe pipa.

Jozi safi kuliko zote ninayoijua kwa anayeanza ni Glenlivet Founder's Reserve na Glenlivet Caribbean Reserve. Zote mbili asilimia 40, zote mbili hazitaji umri, kiwanda ni kimoja. Founder's inakupa tufaha na machungwa na vanila kidogo. Caribbean Reserve inaongeza tunda lililoiva na utamu wa tofi. Si wiski nzito hata moja, na wajuzi wengi huzipita bila kuzitazama, lakini kwa kujifunza mimi nazipenda sana kwa sababu hakuna kitu kingine kinachopiga kelele katikati.

Balvenie Caribbean Cask ya miaka 14, yenye asilimia 43, ndiyo ninayoiona imesukwa vizuri kuliko zote za bei ya kati. Asali, vanila, kisha sukari guru inayokuja polepole na kubaki. Ila kuwa makini na ya kuiweka kando. Wengi huchukua DoubleWood ya miaka 12 wakidhani ndiyo ya kawaida, wakasahau kwamba hiyo imemaliziwa kwenye sheri. Hapo unalinganisha ramu na sheri, jambo zuri kabisa, lakini ni swali jingine. Vilevile Glenfiddich ya miaka 12 kando ya ile ya miaka 21: miaka 9 ya mwaloni itakuwa inazungumza kwa sauti kuliko miezi 4 ya ramu. Ile ya 21 ni tamu, ina tangawizi na tini na viungo, lakini kwa bei yake sikushauri uitumie kujifunzia.

Anayependa wiski yenye harufu ya moshi anayo jozi nyingine: Ardbeg Ten na Ardbeg Drum, zote asilimia 46. Drum ilitoka mwaka 2019 kwa toleo maalumu, kwa hiyo kuipata leo ni bahati. Niliionja mara mbili tu. Ilinifundisha kwamba moshi wa Islay, kisiwa cha Uskoti inakotoka Ardbeg, haufuti ramu, unaisogeza nyuma, ukaikuta mwishoni kabisa kama nanasi lililochomwa kwenye makaa.

Teeling Small Batch ya Ayalandi imemaliziwa kwenye ramu pia na bei yake ni ya kirafiki zaidi. Hiyo si singo molti, imechanganywa na wiski ya nafaka. Inywe, ifurahie, lakini usiipange kwenye meza hii.

Ukiweza, ongeza chupa ndogo ya ramu halisi iliyolazwa kwenye pipa. Huionji sana, unainusa kama kipimo. Ramu ya molasi na ramu ya Martinique inayotokana na maji ya miwa mabichi ni vitu viwili tofauti kabisa: ya pili ina harufu ya majani mabichi, kama miwa inapopita kwenye mashine pale stendi. Lebo ya wiski kwa kawaida haisemi ramu ilikuwa ya aina gani, ndiyo maana pua yako inahitaji mazoezi.

Kununua

Chupa nyingi za aina hii hatuzipati Tanga kirahisi, tunaagiza Dar es Salaam au kumtuma anayesafiri. Kagua stempu ya kielektroniki ya TRA, na iskani kwa programu ya Hakiki Stempu kabla hujalipa, ukiwa bado umesimama dukani. Niliwahi kuuziwa chupa ambayo kizibo chake kilikuwa kimefunguliwa na kurudishwa kwa ustadi. Nilichokunywa kilikuwa spiriti yenye rangi, na muuzaji nilipomrudia alinitazama tu. Tangu siku ile naigeuza chupa taratibu kwenye mwanga, natazama kama plastiki ya shingoni imekaa sawasawa na kama ujazo umelingana na wa chupa za jirani yake rafuni.

Sinia la harufu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji pombe. Vitabu vya wiski vimejaa harufu za matunda ya porini ya Ulaya na keki za Krismasi ambazo pua ya mtu wa Pwani haijawahi kukutana nazo. Hazitusaidii. Sisi tuna zetu, na kwa ramu tuna bahati kuliko wao, kwa sababu ramu ni miwa. Karne ya 19 kingo za mto Pangani zilikuwa na mashamba ya miwa na vinu vya kuikamulia, na maji ya miwa yanayochemka ni harufu ya kwetu.

Chukua sinia, panga visahani. Nazi iliyokunwa papo hapo. Karafuu 3, uzivunje kwa kucha. Tone la vanila kwenye pamba. Ganda la chungwa la Muheza, ulikunje ili mafuta yaruke. Ndizi kisukari mbili, moja ya leo na moja yenye madoa. Kipande cha nanasi. Tende. Kipande cha sukari guru. Na molasi kidogo: ukimfahamu mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, muombe kijiko kimoja cha ile anayochanganyia malisho, ni ya kunusa tu.

Kisha nenda jikoni. Tia vijiko 3 vya sukari nyeupe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, usikoroge. Dakika chache pembeni kutaanza kuyeyuka, rangi ya dhahabu. Inama, nusa: hiyo ni tofi, na ndiyo harufu ya mwaloni uliochomwa kiasi. Ngoja kidogo, iwe nyekundu ya udongo: sasa unanusa kashata, ile inayomiminwa kwenye ubao kabla haijakatwa. Ngoja tena, itaanza povu jeusi na moshi mwembamba, na puani inakuja nzito, tamu na chungu kwa pamoja. Hapo ondoa jikoni haraka. Hiyo ya tatu ndiyo jirani wa molasi, ndiyo unayoitafuta kwenye glasi. Usiiguse kwa kidole, sukari iliyoyeyuka huunguza kuliko mafuta.

Nusa sinia zima mara mbili, macho wazi kisha macho yamefumbwa. Shemeji yangu hunishikia kisahani kimoja kimoja nami nataja. Usipoweza kutofautisha nazi na vanila macho yamefumbwa, usifungue chupa bado.

Chumba na saa

Nyumba zetu zinafukizwa udi. Ni sifa kwa nyumba, lakini siku ya kuonja udi na ubani vikae kabatini tangu asubuhi, na usivae shati lililofukizwa. Asumini dirishani, manukato, dawa ya mbu, samaki anayekaangwa uani, vyote vinashinda wiski. Glasi zioshwe kwa maji ya moto matupu na ziachwe zijikaushe, maana kitambaa cha jikoni kina sabuni.

Joto ndilo adui mkubwa. Msimu wa kaskazi chumba kinafika nyuzi 31 na zaidi, kilevi kinapanda kwa kasi na kuipiga pua kabla harufu laini hazijafika. Barafu nayo inafungia harufu ndani, kwa hiyo si dawa. Mimi husimamisha chupa kwenye karai la maji ya mtungi kwa nusu saa, maji yafike mabegani mwa chupa. Mtungi ukiwa kivulini penye upepo maji yake yanapoa kwa kiasi hasa unachokitaka. Kaa saa 3 usiku na kuendelea, feni isikuelekee. Msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, hata hili la karai huhitaji sana.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba. Zile zinazoitwa Glencairn ndizo maalumu, lakini glasi ndogo ya mvinyo inatosha. Bilauri iliyonyooka ya kunywea maji inatawanya harufu.

Kumimina bila kujua

Toti ya baa inatofautiana kutoka mkono hadi mkono. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano yenyewe, na umimine mililita 20 kwa kila glasi. Funika kila glasi kwa kisahani cha chai, la sivyo kwa joto letu harufu nyepesi zitakuwa zimekwenda ndani ya dakika 10.

Anayemimina asiwe anayeonja. Shemeji yangu hanywi, kwa hiyo hana upande. Anabandika namba chini ya kitako cha glasi, anaandika siri yake kwenye karatasi na kuiweka mfukoni. Bila hivi utajidanganya, kwa sababu jicho likishaona lebo ya dhahabu, pua inatii. Na rangi isikushawishi: ile karameli inayoruhusiwa ina uwezo wa kuifanya wiski changa iwe na rangi ya chai ya rangi. Nikiwa na mashaka na macho yangu nazima taa kubwa na kubaki na ya kibandani.

Glasi 4 za mililita 20, tuseme kwa wastani wa asilimia 43, zina zaidi ya mililita 34 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Weka kopo la kutemea na ulitumie bila haya. Na usipande bodaboda kama dereva usiku huo, hata ukijiona mzima.

Kunusa

Funua, leta glasi hadi kidevuni kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo. Panda polepole. Mahali pa kwanza utakapopata harufu bila kuchomwa, simama hapo. Usitikise glasi kama mvinyo, unaamsha kilevi bure.

Nusa namba 1, kisha sinia, kisha namba 2, kisha sinia. Usiulize "ipi nzuri?" Uliza swali moja: kuna nini hapa ambacho pale hakipo? Mimi huanza na molasi na sukari iliyoungua, kisha matunda, na vanila naiacha mwisho kwa sababu itakuwepo kote. Pua ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe, kwenye kiwiko kwa ndani. Kahawa, ambayo wengi huitumia, inaacha harufu yake.

Mdomoni, na hesabu ya maji

Onja kiasi cha kijiko cha chai, kizungushe ulimini kwa sekunde 10, teme au meza, kisha toa pumzi kwa pua. Hapo ndipo penye maamuzi. Ramu iliyoshikana na wiski utaikuta sehemu tatu: puani, ulimini, na dakika moja baada ya kumeza. Ramu iliyopakwa juu tu inajaza pua kwa sukari, kisha ulimini inayeyuka, na kinachobaki kooni ni ukali wa pombe changa. Nimekutana na chupa za bei kubwa zenye kasoro hiyo, na za bei ndogo ambazo hazina. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha ubora, kabla ya umri, kabla ya jina.

Kisha maji. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus kule Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa kompyuta kuhusu guayakoli, molekuli yenye harufu ya moshi. Waliona kwamba kilevi kinapopungua, molekuli hiyo husogea kuelekea juu ya kimiminika, karibu na pua ya mnywaji. Kwa hiyo tone la maji si kuharibu, ni kufungua.

Lakini kwa kulinganisha maji yana kazi ya pili: kusawazisha nguvu. Asilimia 46 kando ya 40 si haki. Chukua mililita zako, zidisha kwa kilevi cha chupa, gawanya kwa kilevi unachotaka, kisha toa mililita za mwanzo. Mililita 20 za asilimia 46, ukitaka ziwe 40: 20 mara 46 ni 920, gawanya kwa 40 unapata 23. Ongeza mililita 3. Kwa Balvenie ya asilimia 43 utaongeza moja na nusu. Tumia maji ya chupa au yaliyochemshwa na kupoa kwenye chombo wazi, maana klorini ya bomba inasikika mara moja. Acha dakika 5, nusa tena.

Jaribio la glasi tatu

Baada ya wiki kadhaa za mazoezi nilijiona nimeiva. Nikamwambia shemeji anipangie glasi nne, nizipe alama juu ya 10. Nilipomaliza akatoa karatasi mfukoni.

"Shemeji, namba mbili umeipa nane, namba nne umeipa tano na nusu."

"Ndiyo. Nne ina ukali."

"Ni chupa ileile."

Nilikaa kimya muda mrefu. Namba 4 niliionja baada ya kula kipande cha nanasi kwenye sinia, na asidi ya nanasi ilikuwa imeugeuza ulimi wangu. Tangu hapo matunda ya sinia hayaliwi. Na tangu hapo kila kikao ninaanza na glasi tatu: mbili za chupa moja, ya tatu ya ndugu yake, bila mimi kujua. Kazi ni kutaja ile iliyo peke yake. Kwa kubahatisha tu utapata mara 1 kati ya 3, kwa hiyo kupatia mara moja si kitu. Rudia mara 3, ukipatia zote kwa kubahatisha ni nafasi 1 kati ya 27. Ukifika hapo, maoni yako kuhusu hiyo jozi yana uzito. Usipofika, andika kwa uaminifu kwamba hukuona tofauti. Inawezekana kabisa tofauti yenyewe ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Daftari

Tarehe, joto la chumba, chupa, kilevi baada ya maji, na mistari mitatu: puani, ulimini, dakika moja baadaye. Andika kwa maneno ya sinia lako. "Kashata ya nazi, kisha sukari guru, mwisho karafuu" inanitosha mimi na inamtosha mtu yeyote wa hapa. Alama zije mwisho, na kabla karatasi haijatoka mfukoni.

Chupa baada ya hapo

Rudia baada ya siku 2, na tena chupa ikifika nusu. Hewa inayoingia hubadilisha mambo, na uzoefu wangu ni kwamba harufu za juu za ramu, hasa ndizi, ndizo zinazokimbia kwanza. Jozi yako iteremke pamoja, usiwe na moja iliyojaa na nyingine robo.

Chupa isimame wima, isilazwe kama mvinyo, kwa sababu kilevi hula kizibo cha gome. Isikae juu ya friji wala karibu na bati la paa. Mimi huweka zangu chini ya kitanda upande wa ukuta usiopigwa na jua la jioni, ndani ya boksi zake, na ikishuka chini ya theluthi naihamishia kwenye chupa ndogo safi ya kioo, naijaza hadi shingoni, naandika jina na tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya plasta.

Vizibo vya gome hukauka na kukatika humohumo shingoni. Weka akiba vizibo vya chupa zilizokwisha, na unapofungua geuza chupa, siyo kizibo. Kikikatika, chuja kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, na kikao cha siku hiyo kisogeze hadi kesho yake.